KUFUNGA MANIFOLDI MPYA KATIKA INJINI YA LORI ISIVUJE

Somo kwa mafundi wa gereji, madereva na wenye malori

Lori likianza kukosa nguvu, mwenyewe huwaza habari za vitu vikubwa: pistoni, krenki, au pampu ya oili. Ni watu wachache wanaofikiri habari za gasketi, kitu chembamba chenye unene wa kama milimita 1.5 tu, kilicholazwa baina ya vyuma viwili. Walakini injini nyingi njema zimekufa kwa sababu ya kitu hicho. Gasketi ikilala vibaya siku ya kufunga, huanza kupitisha hewa kidogo, au maji kidogo, au oili kidogo. Kidogo hicho hakionekani siku ya kwanza, wala ya pili. Baada ya majuma machache hasara yake ni beringi zilizokwisha, vali zilizoungua, na lori lililosimama uani huku deni la benki likiendelea kudai. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali ambapo methali hii ni ya kweli zaidi kuliko ndani ya injini.

Katika somo hili twaeleza kazi moja ya namna hiyo tangu mwanzo hata mwisho: kufunga manifoldi ya kuingiza hewa iliyotengenezwa na kiwanda kingine, si kile kilichounda injini, na kuifunga hata isivuje mahali po pote.

MANIFOLDI NI KITU GANI

Manifoldi ya kuingiza hewa ni chuma chenye njia nyingi ndani yake. Juu yake hukaa kabureta. Hewa na petroli huchanganyika katika kabureta, kisha mchanganyiko huo hugawanywa na manifoldi na kupelekwa kwa kila silinda. Ni kama mfereji mkuu wa shamba unaogawa maji kwa vijaruba vyote. Mfereji ukitoboka kando, kijaruba kimoja hukauka hali vingine vimejaa.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tumechagua injini moja inayojulikana sana, yaani injini ya Chevrolet ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Aina hii ilianza kuuzwa katika Marekani mwaka 1955. Ile yenye ukubwa wa inchi za ujazo 350, au lita 5.7, ilitiwa katika pikapu na malori madogo ya Chevrolet na GMC tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata miaka ya 1990. Viwanda vingi vimetengeneza manifoldi za kubadilisha kwa injini hii. Kimoja kilicho maarufu ni Edelbrock. Mwanzilishi wake, Vic Edelbrock, alitengeneza manifoldi yake ya kwanza mwaka 1938 huko California. Hata leo ziko pikapu nyingi za zamani za Chevrolet zinazofanya kazi Marekani na katika nchi za Ghuba, nako wako mafundi wasemao Kiswahili wanaoishi kwa kuzitengeneza.

Mtu hubadilisha manifoldi kwa sababu mbalimbali. Pengine ya zamani imepasuka au imeliwa na kutu penye njia za maji. Pengine ataka kabureta kubwa zaidi. Pengine apenda aluminiamu kwa kuwa ni nyepesi kuliko chuma cha kusubu. Sababu yo yote iwayo, kazi ya kuziba ni ile ile.

MAMBO MANNE YANAYOWEZA KUVUJA

Katika injini hii manifoldi hulala kama daraja juu ya bonde lililo baina ya safu mbili za silinda. Upande wa kulia hukaa juu ya silinda hedi moja, na upande wa kushoto juu ya nyingine. Mbele na nyuma hufunika kuta mbili fupi za bloki. Chini yake ndani ya bonde zimo tapeti na kamshafti, na oili ya moto hurukaruka humo wakati wote. Kwa hiyo manifoldi hii moja yazuia hewa, maji na oili kwa pamoja. Mafundi yawapasa kujua njia nne za kuvuja.

Ya kwanza ni hewa ya nje kuingia. Njia za hewa zina mvuto mkubwa injini inapozunguka polepole. Ufa ukiwa upande wa juu, hewa isiyopimwa na kabureta huingia, na silinda iliyo karibu hupata petroli chache kuliko haki yake. Injini hutetemeka, hupiga kelele ya kufyonza, na pengine hupiga mshindo ndani ya kabureta. Lori likibeba mzigo mlimani katika hali hiyo, vali na pistoni huweza kuungua.

Ya pili ni hewa kuingia kutoka bondeni. Ufa huu uko upande wa chini wa njia ya hewa, wala hauonekani kwa macho. Injini hufyonza mvuke wa oili kutoka bondeni na kuuchoma. Moshi wa buluu hutoka, plagi huchafuka, na oili hupungua pasipo tone lo lote kuonekana chini ya lori. Watu wengi wamebadilisha ringi za pistoni bure, kumbe ugonjwa ulikuwa katika gasketi ya manifoldi.

Ya tatu ni maji. Katika kona za silinda hedi mna matundu ya maji, na maji ya injini hupita mbele ya manifoldi kwenda kwenye thamostati na rejeta. Maji yakivuja nje, utaona alama na kusikia harufu. Yakivuja ndani, huingia katika oili. Oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa na kupoteza utelezi wake. Dawa ya kuzuia maji yasigande nayo ni adui mkubwa wa beringi. Hatari hii ndiyo iuayo injini upesi kuliko zote.

Ya nne ni oili kutoka nje, hasa juu ya ule ukuta wa nyuma. Oili hutiririka nyuma ya injini penye giasi, na mtu hudhani kwamba sili ya krenki imekufa. Hutoa giasi nzima ili kubadilisha sili isiyo na kosa.

KABLA YA KUNUNUA

Kwanza jua mwaka na aina ya silinda hedi zako. Injini za zamani za aina hii zina bolti 12 za manifoldi. Tangu mwaka 1987 pembe ya bolti za katikati ilibadilishwa, basi manifoldi ya zamani haikubali kukaa sawasawa juu ya hedi hizo bila kurekebishwa matundu. Kisha mwaka 1996 zilikuja hedi ziitwazo Vortec, nazo zina bolti 8 tu na njia za hewa zilizo ndefu kwenda juu. Manifoldi ya namna moja haizibi hedi za namna nyingine, hata ukiweka gasketi gani. Usidanganywe na muuzaji asemaye kwamba “zote ni Chevrolet.”

Pili, fikiri kazi ya lori. Ziko manifoldi zenye orofa mbili ndani, ambapo kila orofa hulisha silinda nne; hizi hutoa nguvu injini inapozunguka polepole. Ziko nyingine zenye chumba kimoja kikubwa, zifaazo magari ya mashindano yanayozunguka kwa kasi sana. Lori la kubeba mizigo lataka zile za kwanza.

Tatu, pima urefu wa kwenda juu. Manifoldi mpya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, huenda kifuniko cha hewa kikagusa boneti, na waya wa akseleta usifike. Ni afadhali kujua hayo dukani kuliko kuyajua jioni ukiwa umekwisha kufunga kila kitu.

KUFUNGUA YA ZAMANI

Ngoja injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta hali injini ni ya moto, maana maji yanayochemka huruka usoni na kuunguza vibaya. Ondoa waya wa negativu wa betri. Mwaga maji ya rejeta katika chombo, si ardhini: dawa iliyomo ni sumu, nayo ina utamu unaowavuta mbwa, mbuzi na hata watoto.

Katika injini hii distributa hupita katikati ya manifoldi kwa nyuma, basi haina budi kutolewa. Kabla ya kuitoa, zungusha injini kwa mkono mpaka silinda ya kwanza iwe juu wakati wa kubana. Tia alama mahali rota inapoelekea, na mahali distributa ilipokaa juu ya manifoldi. Unapoivuta juu, rota huzunguka kidogo kwa sababu meno ya chini yamekatwa mshazari. Tia alama ya pili hapo rota inaposimama. Tangu wakati huo mtu asiguse stata wala kuizungusha injini.

Andika kila paipu ya hewa inakotoka na inakokwenda, hasa ile ya breki. Kisha legeza bolti zote na uinue manifoldi. Ikiwa imeshika, tafuta mahali palipotengenezwa kwa kupenyeza chuma. Usitie patasi baina ya nyuso mbili za kuzibia; mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya maji ya kesho.

KUSAFISHA NDIYO NUSU YA KAZI

Maji yaliyobaki katika hedi humwagika bondeni manifoldi inapoinuliwa. Yafyonze kwa kitambaa, na weka nia ya kubadilisha oili na filta kabla ya kuwasha injini. Hiyo si hiari, ni lazima.

Ziba njia zote nane za hewa kwa vitambaa safi, na ufunike bonde kwa kitambaa kikubwa. Kisha kwangua gasketi ya zamani. Kwa chuma cha kusubu waweza kutumia kikwangulio cha chuma kwa uangalifu. Kwa aluminiamu tumia cha plastiki au cha mbao. Usitumie visahani vya msasa vinavyozungushwa kwa mashine. Vumbi lake ni gumu kama mchanga, hushuka bondeni na kufika katika oili, nalo hukata beringi kwa muda mfupi.

Kwangua mpaka usione rangi ya gasketi ya zamani hata kidogo. Halafu pangusa nyuso zote kwa dawa ya kuondoa mafuta, na uache zikauke. Hata manifoldi mpya iliyotoka katika sanduku yataka kupanguswa, kwa kuwa huja na mafuta ya kiwandani. Silikoni haishiki juu ya oili, kama vile rangi isivyoshika juu ya ukuta wenye masizi. Mwisho safisha matundu ya bolti, na nyuzi za bolti zenyewe, ili zikaze kwa kipimo cha kweli. Hesabu vitambaa unapoviondoa. Vilivyoingia viwe sawa na vilivyotoka.

KUJARIBISHA PASIPO GUNDI

Fundi mwenye haraka huruka hatua hii, na hii ndiyo inayomtenga fundi na mbahatishaji. Weka gasketi za pembeni zikiwa kavu, bila silikoni, kisha laza manifoldi mahali pake. Tazama mambo matatu.

Kwanza, bolti zote ziingie kwa vidole. Bolti moja ikikataa, usiilazimishe. Manifoldi haikukaa sawasawa, au si ya hedi hizo. Pili, matundu ya hewa na ya maji ya gasketi yalingane na ya vyuma pande zote mbili. Tatu, tazama nafasi baina ya manifoldi na kuta za bloki, mbele na nyuma. Pima kwa fila geji, yaani vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, au kwa misumari ya unene unaojulikana. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha unene wa silikoni utakaotakiwa.

Ikiwa silinda hedi zilipata kukatwa kwa mashine ili kunyoshwa, zimeshuka, na manifoldi sasa yapanda juu kidogo wala pembe hazilingani. Hapo gasketi hubanwa chini na kuachwa wazi juu, au kinyume chake. Dawa yake si silikoni nyingi. Dawa yake ni kupeleka manifoldi ikatwe kwa kipimo, au kununua gasketi za unene mwingine.

GASKETI NA SILIKONI

Katika pakiti ya gasketi za injini hii mara nyingi mna vipande viwili vya kizibo au mpira vya kuwekwa juu ya kuta za mbele na nyuma. Mafundi wengi wenye ujuzi huviacha, na viwanda vya manifoldi kama Edelbrock huagiza hivyo hivyo. Sababu yake ni kwamba vipande hivyo huteleza na kutokeza nje wakati wa kukaza, au vikiwa vinene huizuia manifoldi isishuke juu ya gasketi za pembeni. Mahali pake huwekwa mstari wa silikoni ya kutengenezea gasketi, ile inayostahimili oili na joto.

Fuata utaratibu huu:

1. Paka silikoni nyembamba sana kuzunguka matundu ya maji tu, upande wa hedi, kisha laza gasketi. Paka tena kuzunguka matundu hayo juu ya gasketi. Ikiwa gasketi yako ina mstari wa mpira uliochapwa kiwandani, soma karatasi yake kwanza, maana nyingine hukataza kupakwa kitu cho chote.

2. Usipake silikoni kuzunguka njia za hewa. Petroli hupita hapo, nayo huilainisha silikoni ya kawaida mpaka ikaachia.

3. Vuta mstari mmoja usiokatika juu ya kila ukuta, unene wake kama milimita 6. Kila mwisho upande juu ya kona ya gasketi kama milimita 12. Kona hizi nne, mahali ambapo hedi, bloki na manifoldi hukutana, ndiko oili hupata njia mara nyingi. Zitazame mara mbili.

4. Usizidishe. Silikoni iliyozidi hujikunja ndani ya bonde, hukatika vipande, na huweza kuziba chujio la pampu ya oili. Injini iliyozibwa sana nje huweza kufa kwa kiu ndani.

5. Fanya upesi. Silikoni nyingi huanza kufanya ngozi kwa muda wa kama dakika 10. Manifoldi iwe imeshuka kabla ya hapo.

Kushusha manifoldi ni kazi ya watu wawili. Ishushwe wima mara moja, isiburutwe huku na huku, maana kuburuta hufuta mstari uliouchora. Skrubu mbili ndefu zisizo na vichwa zikitiwa katika matundu ya kona huiongoza ishuke mahali pake.

KUKAZA BOLTI

Matundu mengine ya bolti yametoboka hata bondeni, kwa hiyo oili huweza kupanda katika nyuzi na kutokea juu. Paka nyuzi zote dawa ya kuzibia, isiyogandisha kama jiwe.

Tia bolti zote kwa mkono kwanza. Kisha tumia spana ya kupimia mkazo. Anza bolti za katikati, uende nje kwa kupishanapishana kulia na kushoto, kama mtu afungaye gurudumu. Mzunguko wa kwanza kaza kwa futi-pauni 10, wa pili 18 hivi, wa mwisho 25, ambayo ni karibu Newton-mita 34. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha manifoldi ya Edelbrock ya aluminiamu juu ya hedi za zamani za bolti 12. Rudia mzunguko wa mwisho mpaka bolti zote zikatae kusogea, kwa kuwa kila ukazapo moja jirani yake hulegea.

Kwa hedi za Vortec za bolti 8 kipimo cha kiwanda ni futi-pauni 11 tu, karibu Newton-mita 15. Angalia tofauti iliyopo! Mtu akizikaza kwa futi-pauni 25 huponda gasketi au kupasua chuma. Kwa hiyo karatasi iliyokuja na manifoldi isomwe kabla ya kazi, isifanywe ya kufungia karanga.

Iache silikoni ikauke. Ni vema kuiacha usiku kucha, na afadhali saa 24, kabla ya kutia maji na kuwasha. Mwenye lori ataona uchungu kupoteza siku moja ya safari. Na ajiulize: siku moja ni nyingi kuliko mwezi?

KUWASHA

Rudisha distributa kwa kufuata alama zako, ukianza na ile alama ya pili. Ikikataa kushuka mpaka chini, ncha yake haikukutana na fimbo ya pampu ya oili. Usiipige nyundo, bali geuza fimbo kidogo kwa bisibisi ndefu. Waya za plagi zifuate zamu ya kuwaka ya injini hii: 1-8-4-3-6-5-7-2. Rudisha mipira yote ya hewa. Badilisha oili na filta. Tia maji na dawa yake.

Washa injini mahali penye hewa, si ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake huua bila harufu ya kumwonya mtu. Rekebisha wakati wa moto wa plagi kwa taa. Iache injini ipate joto mpaka thamostati ifunguke, ukitazama kona nne na maungio ya petroli. Petroli ikidondoka juu ya chuma cha moto, zima mara moja. Kizima moto kiwe karibu nawe kabla hujawasha.

Injini ikisha kupoa kabisa, pima bolti tena kwa spana. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, hivyo bolti huweza kulegea baada ya joto la kwanza. Ongeza maji ya rejeta, kwa sababu hewa iliyokuwa imenaswa imetoka.

KUPIMA KAMA INAVUJA

Kwa hewa ya nje: mafundi wengi hunyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya gasketi injini ikizunguka, wasikilize sauti ikibadilika. Hiyo ni hatari, kwa kuwa ekzosi ni ya moto na waya za plagi zina cheche. Kinyunyizio cha maji chatosha mara nyingi: pazibapo maji kwa nukta moja, mlio wa injini hubadilika. Gereji zenye mashine ya moshi hupata jibu bora zaidi hali injini imezimwa.

Kwa kipimo cha mvuto: unga geji ya mvuto wa hewa katika manifoldi. Injini nzima ya kawaida, ikizunguka polepole karibu na usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale husimama imara. Walakini kila futi 1,000 za kupanda juu hupunguza karibu inchi moja. Kwa hiyo fundi wa Denver katika Marekani, ulio juu ya futi 5,000, au wa Nairobi, ulio juu kama huo, akiona inchi 14 asikate tamaa. Fundi wa Mombasa akiona 14 na atafute ufa.

Kwa ule ufa wa bondeni usioonekana: ziba kwa muda vali ya mvuke na matundu yote ya kupumulia ya injini, kisha weka karatasi nyepesi juu ya tundu la kutilia oili. Injini nzima husukuma karatasi nje polepole. Karatasi ikivutwa ndani, manifoldi yafyonza kutoka bondeni.

Kwa maji: tumia pampu ya mkono ya kupimia rejeta, upande hata kipimo kilichoandikwa juu ya kifuniko cha rejeta, wala usipite hapo. Mshale usishuke. Na kwa siku chache za kwanza tazama kijiti cha oili kila asubuhi. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiendeshe hata maili moja.

KWA WENYE INJINI NYINGINE

Mwenye lori la dizeli asifikiri kwamba somo hili halimhusu. Dizeli haina kabureta, lakini manifoldi yake nayo yapitisha hewa. Ufa ulio baina ya chujio la hewa na turbo huvuta vumbi la barabara, na vumbi hilo husaga silinda na ringi. Ufa ulio baada ya turbo hupoteza hewa iliyosukumwa. Lori hukosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, na dizeli huteketea bila faida. Sheria ni zile zile: uso safi, gasketi ya kweli, mkazo kwa kipimo, na kupima baada ya kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini injini huweza kupoteza oili pasipo tone kuonekana chini?

2. Kwa nini silikoni haipakwi kuzunguka njia za hewa?

3. Bolti moja ikikataa kuingia kwa vidole, fundi afanye nini?

4. Kwa nini oili hubadilishwa hata kama ilikuwa mpya?

5. Mshale waonyesha inchi 14 mjini Mombasa. Utafanya nini kwanza?

Msomaji awezaye kujibu haya bila kurudi nyuma yuko tayari kushika spana. Asiyeweza na asome tena, kwa maana karatasi haigharimu kitu ikisomwa mara mbili, bali injini ikifunguliwa mara mbili hugharimu siku, fedha, na imani ya mteja.